Kiswahili Kilichorudi na Askari: Jamii na Fasihi ya Mlima Kenya Baada ya Vita vya 1939–1945

Utangulizi

Msafiri anayetoka Thika kuelekea kaskazini hufika Kenol, mji uliopata jina lake kutokana na kituo cha mafuta kilichokuwa kwenye njia panda. Hapo barabara hugawanyika. Moja hushika kushoto kwenda Murang'a mjini, na nyingine huendelea hadi Sagana, Karatina na Nyeri. Katika kituo cha matatu mtu husikia Kigikuyu na Kiswahili vikienda pamoja, na si rahisi kusema kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Mwanafunzi aliyelelewa katika mazingira hayo anapojiunga na chuo kikuu kusomea Kiswahili hukumbana na hukumu ambayo aghalabu hutolewa kwa mzaha: kwamba watu wa Mlima Kenya walikipata Kiswahili juzi, tena darasani, na ndiyo sababu wanakivuruga. Mzaha huo si mdogo kama unavyodhaniwa. Humfanya mwanafunzi ajione mgeni katika lugha anayoisomea, na humfanya mhadhiri asitarajie lolote kutoka eneo hilo ila makosa ya matamshi na ya upatanisho wa kisarufi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo haina mashiko ya kihistoria. Kiswahili kilipanda Mlima Kenya kabla ya mtalaa. Kilipanda na misafara ya wafanyabiashara, na maboma ya serikali, na wapagazi wa Vita vya Kwanza, lakini wimbi kubwa kuliko yote lilikuja na askari waliorudi nyumbani baada ya 1945. Katika miaka saba iliyofuata, lugha hiyo ya kupokea amri iligeuzwa na wenyeji kuwa lugha ya kupanga, kuimba na kuapa. Jambo la kusikitisha, na ndilo kiini cha mjadala huu, ni kwamba fasihi andishi ya Kiswahili haikuipokea tajiriba hiyo. Jamii iliyopita katika vita viwili ndani ya miaka 20 iliandikwa kwa Kiingereza na kwa Kigikuyu, huku Kiswahili kikiachwa mlangoni.

Lugha ya kambini

Wakenya waliohudumu katika jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikaribia laki moja. Walipelekwa Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, Madagaska mwaka 1942, kisha Burma mwaka 1944 na 1945. Kijana wa Nyeri au wa Murang'a aliyeandikishwa katika kikosi cha King's African Rifles, ambacho wenyeji walikiita KAR, alijikuta kitandani kando ya Mkamba, Mnandi, Mjaluo na Mnyasa. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Lamu wala cha Unguja. Kilikuwa Kiswahili kifupi, chenye vitenzi vingi vya kuamrisha na ngeli chache, ambacho wataalamu wa isimujamii wamekipa jina la KiKAR. Wasomi wengi hukitaja kwa dharau. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba kwa maelfu ya vijana hao ndicho kilichokuwa Kiswahili cha kwanza kusomwa, kwa maana jeshi lilichapisha magazeti yake, kama vile Askari na Heshima, na wengine walijifunza kusoma wakiwa wamevaa sare.

Athari ya lugha hiyo katika Kigikuyu inaonekana mpaka leo. Askari akawa thigari, serikali ikawa thirikari, jela ikawa njera. Sauti /s/ ya Kiswahili ilipoingia katika lugha isiyo nayo iligeuka kuwa /th/, na mzungumzaji wa leo wala hahisi kwamba anatumia neno la kukopa. Baadhi ya maneno hayo yalitangulia 1939, lakini vita ndivyo vilivyoyatoa katika boma la Mzungu na kuyaingiza katika nyumba ya kila familia iliyokuwa na mwana jeshini.

Kulikuwa na neno jingine ambalo askari walilisikia mara nyingi. Waliambiwa kwamba wanapigania uhuru. Huko Tanganyika, Shaaban Robert alivitungia vita hivyo utenzi mrefu aliouita Utenzi wa Vita vya Uhuru, ambao ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Kwa mshairi, vita dhidi ya Hitler vilikuwa vita vya uhuru bila kinyume chochote. Kwa askari wa Mlima Kenya neno hilo lilikuwa na mtego, kwa sababu katika Kigikuyu kulikuwa na neno wiathi, ambalo uzito wake si ule ule. Uhuru ni hali ya kutokuwa mtumwa. Wiathi ni hali ya mtu kujitawala nyumbani mwake, awe na shamba, aoe, ajenge, asikilizwe barazani na wenzake. Mtu anaweza kuwa huru asiwe na wiathi. Ndiyo maana madai ya baadaye yalitajwa kwa pamoja kuwa ni ardhi na wiathi, na mfasiri anayetafsiri wiathi kwa neno uhuru pekee huacha nusu ya maana njiani.

Kurudi nyumbani, 1945–1952

Askari aliporudi alikuta nini? Baada ya Vita vya Kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia mashamba wanajeshi Waingereza, yakiwemo ya pande za Nanyuki na Laikipia. Baada ya 1945 mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi wa Kizungu ulirudiwa. Mwafrika aliyepigana Burma hakupewa ardhi. Mashamba ya mkonge na kahawa ya Makuyu, jirani na mahali ilipo Kenol leo, yaliendelea kuwa ya walowezi, na mpaka kati yake na hifadhi ya Wagikuyu wa Fort Hall, yaani Murang'a, ukabaki pale pale. Waliokuwa na akiba kidogo walijaribu biashara: duka, hoteli ya chai, mashine ya kusaga mahindi, lori la ubia. Wengi walifilisika. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyepigana Burma na ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China, alipata kazi katika shirika la reli. Bildad Kaggia, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a, alihudumu Mashariki ya Kati na kufika Uingereza. Aliporudi alijitenga na kanisa la wamishonari akaanzisha kundi lake la kidini, kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Ukimsoma Kaggia katika Roots of Freedom (1975) utaona kwamba kilichombadilisha si risasi, bali ni kuona jinsi Waafrika walivyochukuliwa na jinsi wengine walivyochukuliwa katika jeshi moja.

Vijana wa rika hilo waliokusanyika Nairobi walijiita Anake a Forty, yaani vijana wa Arobaini. Jina lenyewe ni ushahidi wa utamaduni uliokuwa ukifinyangwa upya: desturi ya kale ya kulipa rika jina kutokana na tukio la wakati wa tohara, ikichanganywa na hesabu ya Kizungu. Halikadhalika, kamati ya siri iliyosimamia viapo na kuandaa upinzani ilijulikana kwa jina la Kiswahili, Muhimu. Linafaa kutafakariwa jambo hili. Watu waliokuwa wakila kiapo kwa lugha ya mama, kwa damu ya mbuzi na kwa udongo, walilipa baraza lao kuu jina lisilo la Kigikuyu. Huenda sababu mojawapo ilikuwa usiri, kwa kuwa neno muhimu linaweza kutajwa hadharani bila mtu kushtuka. Lakini sababu nyingine ni kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya shughuli nzito, lugha ambayo mtu aliyeishi kambini aliihusisha na mipango. Kiapo cha wapiganaji nacho kiliitwa batuni, neno lililotokana na platuni ya jeshini. Kutoka gwaride la KAR hadi kiapo cha usiku ni hatua fupi kuliko inavyodhaniwa.

Wapo wanaodai kwamba hata jina Mau Mau ni ufupisho wa sentensi ya Kiswahili: Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru. Wanahistoria wengi huona kwamba ufafanuzi huo ulibuniwa baada ya jina kuenea, na wapiganaji wenyewe walijiita kwa majina mengine. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hata hivyo, swali la ukweli wa asili si swali pekee. La kuvutia ni kwamba watu walipotaka kulipa jina hilo maana, hawakuitafuta katika Kigikuyu. Waliitafuta katika Kiswahili, na walitoa sentensi iliyo sanifu, yenye dhamira tegemezi mahali pake. Anayesema Mlima haujui sarufi aiangalie tena.

Siasa za wazi nazo zilihitaji lugha ya kuvuka makabila. Chama cha Kenya African Union kilikuwa na gazeti la Sauti ya Mwafrika. Gazeti la Baraza lilikuwa limeanzishwa mwaka 1939. Kwa Kigikuyu kulikuwa na Mumenyereri la Henry Muoria, lililoanza 1945. Hayo yanatosha kutajwa tu, maana yameandikiwa mengi.

Yaliyoandikiwa machache ni mambo ya wanawake na ya ngoma. Serikali iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kazi hiyo iliwaangukia wanawake kwa sababu wanaume wengi walikuwa mijini au mashambani mwa walowezi. Mnamo Julai 1947 mkutano mkubwa uliamua kwamba wanawake wasichimbe tena. Mwaka uliofuata wanawake wenyewe waliandamana. Ni kosa kuisimulia miaka ya baada ya vita kana kwamba ni hadithi ya askari peke yao. Askari alirudi na maneno. Mwanamke aliyebaki alikuwa na jembe mkononi na sababu za kutosha za kukasirika.

Katika ngoma, mwomboko ulishika kasi katika miaka ya 1940. Ni uchezaji wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke wameshikana, kwa kodiani na kwa chuma kinachogongwa, wenye hatua zinazokumbusha ngoma za Waskoti. Wazee walinung'unika, wamishonari wakanung'unika zaidi. Wakati huo huo gitaa lilikuwa likienea. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani, alikuwa amewatumbuiza wanajeshi wakati wa vita, na nyimbo zake za Kiswahili zilifika mahali ambapo kitabu cha Kiswahili hakikufika. Mtu wa Karatina asiyejua kusoma aliweza kuimba Kiswahili cha mapenzi kabla hajakisoma Kiswahili cha serikali.

Na Karatina ndiko alikokuja kufanyia kazi Gakaara wa Wanjau. Alizaliwa Tumutumu, wilaya ya Nyeri, mwaka 1921, akafukuzwa Alliance High School baada ya mgomo, akaingia jeshini mwaka 1940 na kupelekwa Uhabeshi. Mwaka 1946 alichapisha Uhoro wa Ugurani, kitabu kinachohusu mambo ya posa na ndoa. Mada hiyo haikuwa ya kubahatisha. Kijana mwenye mshahara wa jeshi lakini asiye na ardhi angeoaje, na angekuwaje mtu mzima bila kuoa? Kitabu kidogo cha mapenzi kilibeba swali lote la wiathi. Gakaara aliandika kwa Kigikuyu, na ni haki yake. Lakini alikuwa mmoja wa wale waliorudi na Kiswahili, na ukimya wa Kiswahili katika kazi zake ni jambo la kuulizwa.

Vita vya pili na Kiswahili cha bunduki

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari, ambayo iliendelea hadi Januari 1960. Historia ya vita hivyo inafahamika. Hapa itazungumziwa kwa upande wa lugha tu.

Kuanzia Juni 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika wakaingizwa katika vijiji zaidi ya 800, vyenye handaki, miiba na kituo cha walinzi. Gikuyu wa jadi hakuishi kijijini, kila familia ilikaa kwenye ukingo wake wa ardhi. Kwa hiyo vijiji vilikuwa utamaduni mpya kabisa, uliozaliwa kwa amri, na amri hizo zilitolewa kwa sehemu kubwa na askari na polisi wasiojua Kigikuyu. Kiswahili walichosikia wanawake wakichimba handaki la kuzingira msitu kilikuwa maneno ya kuharakishwa na kutishwa. Mlinzi wa nyumbani aliitwa ngati, neno lililotoka kwa Kiingereza. Msaliti aliyefunikwa kichwa ili atambulishe watu kwa kutikisa shingo aliitwa gakunia, yaani kagunia, mtu wa gunia. Gunia la Kiswahili, ambalo hapo awali lilijulikana kwa mahindi na viazi, likapata maana ya woga ambayo kamusi sanifu haijaiweka.

Hii ndiyo sababu mojawapo, kwa maoni ya makala haya, ya Kiswahili kuchelewa kupendwa na waandishi wa Mlima. Lugha iliyokuwa imeanza kufanywa yao kati ya 1945 na 1952 ilirudi kuwa lugha ya bunduki. Mtoto aliyekua kijijini kati ya 1954 na 1960 alikuwa na sababu ya kusikia katika neno simama kitu kisichosikika na mtoto wa Mombasa.

Lakini kambi za wafungwa zilikuwa na sura nyingine. Huko watu walifundishana kusoma na kuandika, waliandika malalamiko, walitunga nyimbo. Gakaara alikamatwa mwaka 1952 na kuzuiliwa hadi mwisho wa muongo huo. Alipelekwa Kajiado, kisha Takwa katika kisiwa cha Manda, baadaye Hola. Shajara aliyoiandika kwa siri ilichapishwa mwaka 1983 kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Inafaa kusimama kidogo Manda. Kisiwa hicho kinatazamana na Lamu. Takwa ni magofu ya mji wa kale wa Waswahili, wenye msikiti wa mawe na nguzo ya kaburi, uliohamwa katika karne ya 17. Ng'ambo ya maji kuna Lamu, na mbele zaidi Pate, ambako Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitazama magofu ya majumba ya fahari na kutunga Al-Inkishafi. Kwa hiyo serikali ya kikoloni, pasipo kujua, ilimchukua mwandishi kutoka Nyeri na kumfungia katika kitovu cha ushairi wa Kiswahili, karibu na magofu ya aina ile ile iliyozaa mojawapo ya tenzi bora kabisa za lugha hii. Mwandishi alikuwa hapo, magofu yalikuwa hapo, lugha alikuwa nayo kidogo. Kilichomtenga na mapokeo hayo ni seng'enge. Mihadhara ya fasihi ya Kiswahili hufundisha Lamu kwa kipindi kimoja na Mau Mau kwa kipindi kingine, tena aghalabu katika idara nyingine, na wanafunzi humaliza shahada bila kujua kwamba viwili hivyo viliwahi kukaa mahali pamoja.

Msalaba na kaburi

Vita vilipokwisha, swali la kwanza la utamaduni lilikuwa la maiti. Nani azikwe vipi, na nani akumbukwe? Murang'a mjini lilijengwa kanisa la kuwakumbuka Wakristo Wagikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo, ambalo leo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote. Mwaka 1959 mchoraji Elimo Njau, kijana kutoka Tanganyika, alichora ukutani mwake matukio makuu ya maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, katika mandhari ya Murang'a na kwa watu weusi. Ni kazi yenye ujasiri mkubwa, na wanafunzi wa sanaa wanaosafiri hadi Ulaya kutazama michoro ya makanisani wangeanza na hii.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1969, P. M. Kareithi alichapisha riwaya ya Kiswahili, Kaburi bila Msalaba, yenye kijina cha kueleza kwamba ni hadithi ya vita vya Mau Mau. Ukiuweka mchoro na jina la riwaya bega kwa bega utauona mgawanyiko wote wa jamii hiyo. Upande mmoja una kanisa, ukuta, msalaba na majina. Upande mwingine una maiti wa msituni na wa kambini, akiwemo Dedan Kimathi aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa, na wale 11 waliopigwa hadi kufa Hola tarehe 3 Machi 1959. Jina la riwaya linakisema kile ambacho ukuta wa kanisa haukuweza kukisema. Wala si kwamba upande mmoja ulilia na mwingine haukulia. Palikuwa na nyumba zilizokuwa na maiti wa pande zote mbili.

Mwaka huo huo wa 1969 ilichapishwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kazi mbili, lugha moja, mwaka mmoja, mada moja ya vita dhidi ya wakoloni. Kinjeketile imesomwa, imeigizwa na imehakikiwa kila mahali panapofundishwa Kiswahili. Kaburi bila Msalaba haisikiki sana katika orodha za vitabu vya kozi. Mtu anaweza kujibu kwamba Hussein ni msanii mkubwa zaidi, na jibu hilo lina ukweli. Lakini ubora wa sanaa si maelezo kamili. Tanganyika iliyapokea Maji Maji kama chimbuko la taifa. Kenya ya baada ya 1963 iliwaambia watu wake wasahau yaliyopita, na marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003. Riwaya inayouliza kaburi liko wapi haikuwa na mwenyeji.

Waandishi wa Mlima wenyewe walielekea kwingine. J. M. Kariuki alitoa Mau Mau Detainee mwaka 1963, Karari Njama akishirikiana na Donald Barnett alitoa Mau Mau from Within mwaka 1966, na Itote alitoa Mau Mau General mwaka 1967. Meja Mwangi wa Nanyuki aliandika Carcase for Hounds (1974) na Taste of Death (1975). Muthoni Likimani aliandika Passport Number F.47927 (1985) kuhusu wanawake na hali ya hatari. Zote ni za Kiingereza. Hata tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu Kimathi iliingia katika Kiswahili kwa mlango wa tafsiri, ikiitwa Mzalendo Kimathi, mwaka 1978. Kiswahili, ambacho wapiganaji walikitumia kulipa jina baraza lao, kilipata habari za vita vyao kwa kutafsiriwa.

Sababu zipo zaidi ya moja. Kiingereza kilikuwa na wachapishaji wa ng'ambo na wasomaji wenye fedha. Kigikuyu kilikuwa na ukaribu wa moyo. Kiswahili kilikuwa na madhara ya kijijini yaliyotajwa hapo juu. Isitoshe, hakikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule zote mpaka mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Kufikia wakati huo kizazi kilichopigana kilikuwa kimekwisha kuandika kile kilichotaka kuandika. Wengine huongeza sababu ya aibu, kwamba askari wa zamani aliona Kiswahili chake cha KAR kingechekwa na wahariri wa sanifu. Sababu hiyo ni ngumu kuthibitishwa, lakini yeyote aliyewahi kuketi katika darasa la Kiswahili akiwa na lafudhi ya Murang'a hataitupa upesi.

Kazi iliyobaki

Hasara hii haiwezi kufidiwa kwa kuandika upya yaliyopita. Inaweza kupunguzwa kwa kubadilisha yanayotafutwa na watafiti. Tasnifu za umahiri kuhusu Kiswahili cha eneo hili zimeegemea mno uchanganuzi wa makosa: /l/ na /r/, kuchanganya ngeli, tafsiri sisisi. Ni kazi halali, ila humkuta mzungumzaji katikati ya safari na kumhesabia vumbi la viatu. Uchunguzi wa msamiati wa vita ungefaa zaidi. Thigari, njera, gakunia, batuni na muhimu ni mwanzo tu. Yapo maneno ya chakula cha kambini, ya kazi za kulazimishwa, ya vyeo, ya majina ya utani waliyopewa maafisa, na nyimbo ambazo beti zake zina mistari ya Kiswahili katikati ya Kigikuyu bila ya mtu kueleza kwa nini.

Haya hayako kwenye maktaba. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari, jumla ya pauni milioni 19.9. Mawakili walichukua ushahidi wao kwa ajili ya kesi, yaani waliuliza nani alipiga, wapi na lini. Hakuna mwanasheria aliyekuwa na haja ya kuuliza mpigaji alitumia maneno gani, au wafungwa waliongea lugha gani taa zilipozimwa. Hayo ni maswali ya mwanafunzi wa Kiswahili. Aliyekuwa na miaka 20 wakati askari waliporudi mwaka 1945 sasa amepita 100. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 walipohamishiwa kijijini mwaka 1954 amevuka 80, na bado anaweza kuketi kibarazani akaulizwa. Gakaara mwenyewe alifariki mwaka 2001. Kutoka njia panda ya Kenol hadi Karatina, alikokuwa na kiwanda chake cha uchapaji, ni safari isiyozidi saa mbili kwa matatu.